Jinsi ya kupima kama kampuni ya kimataifa ni ya kimataifa kweli ama ni mdomo tu

Kampuni kubwa ikijisifu huanza na idadi ya nchi, tuko nchi 80, tuko nchi 120, na ramani ya dunia imejaa vidoti. Hiyo namba weka kando kwanza. Kidoti kimoja kinaweza kuwa ofisi ya watu wanne pale Westlands na kingine kiwe viwanda kumi, na vyote vinahesabiwa moja moja. Watu wa kununua hisa hapa Nairobi na wanafunzi wa biashara wakiniuliza huwa nawaambia watafute vitu vitatu, mauzo yanatoka wapi, mali iko wapi na wafanyikazi wako wapi, na wasikubali kuunganishiwa hizo tatu ziwe namba moja kabla hawajaziona kila moja peke yake.

Hizo tatu sikuzibuni mimi. UNCTAD, wale wa UN wanaoshughulika na biashara na maendeleo, wana kipimo kinaitwa TNI (Transnationality Index), cha kuonyesha kampuni imevuka mipaka kiasi gani. "Nje" hapa ni nje ya nchi ya nyumbani ya kampuni. Unachukua mauzo ya nje unagawanya kwa mauzo yote, mali ya nje kwa mali yote, wafanyikazi wa nje kwa wafanyikazi wote, unajumlisha hizo tatu unagawanya kwa tatu, basi, hesabu ya primary. Wanatoa orodha ya kampuni 100 kubwa zisizo za kifedha pamoja na ripoti yao ya uwekezaji duniani na unaidaunlodi bure. Anzia hapo kama unataka jibu la haraka. Lakini kama kampuni yako haiko kwa hiyo orodha, ama unataka kujua wastani umeficha nini, lazima ufungue ripoti ya mwaka mwenyewe.

Tuchukue Apple, maana hesabu zao ni rahisi kupata. Kampuni za Marekani zinazouza hisa hupeleka ripoti ya mwaka inayoitwa 10-K kwa SEC, wale wasimamizi wa soko la hisa la Marekani, na iko wazi kwa intaneti. Usianze kusoma kurasa zote utalala, bonyeza Ctrl na F uandike "geographic". Au ukiona neno "segment", yaani kitengo cha biashara, simama hapo. Kwa mwaka wa hesabu ulioisha Septemba 2023 mauzo yote yalikuwa dola bilioni 383.3, na ya Marekani peke yake bilioni 138.6, kwa hivyo nje ni kama asilimia 64. Mtu akiona hiyo anasema kampuni ya dunia nzima. Shuka chini kidogo kwa mali, yaani mashine, majengo na ardhi: jumla bilioni 43.7, na bilioni 33.3 kati ya hizo ziko Marekani. Nje ni asilimia 24 tu. Kampuni ni hiyo hiyo na mwaka ni huo huo, mauzo yanakuambia 64 na mali inakuambia 24.

Sababu si siri. Simu zinaundwa na watu kama Foxconn wa Taiwan, na viwanda ni vya hao Foxconn, kwa hivyo kwa vitabu vya Apple jengo la China lenye maelfu ya wafanyikazi halionekani. Kwa hivyo mali ndogo nje haimaanishi kampuni haitegemei nje, inaweza kumaanisha kazi ya nje inafanywa na mtu mwingine, na hapo ndipo watu wengi wanapotoka na jibu la kuchekesha.

Na wafanyikazi? Apple wanasema walikuwa kama 161,000 halafu wananyamaza, hawagawanyi kwa nchi. Utakutana na hiyo sana. Hata sheria za hesabu za IFRS, zile zinazotumika hapa kwetu, namba 8 inataka kampuni ionyeshe mauzo na mali za kudumu za nyumbani na za nje, lakini watu haiwalazimishi. Usijaze pengo na makisio yako, andika tu kwamba umetumia vipimo viwili kati ya vile vitatu. Wengine wanasema, kama Walmart, wale wa supermarket za Marekani: watu milioni 2.1 na milioni 1.6 kati yao wako Marekani, na mauzo ya kitengo chao cha kimataifa hayafiki asilimia 20. Hiyo ni kampuni ya Marekani iliyo na matawi nje, ukubwa wake usikudanganye.

Sasa kuna kitu TNI haioni kabisa, nje ni wapi. Kampuni ikiuza asilimia 70 nje lakini yote kwa jirani mmoja inapata alama sawa na ile iliyosambaa mabara matano. Watafiti wa biashara ya kimataifa Alan Rugman na Alain Verbeke walichapisha utafiti 2004 wakaangalia hili, walichukua zile kampuni 500 kubwa duniani, 365 zikawa na data ya kutosha, na wakaweka masharti: angalau asilimia 20 ya mauzo itoke kila upande, Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia, na pasiwe na upande mmoja uliofika nusu. Zilipita ngapi? Tisa. IBM, Sony, Philips, Nokia (enzi zile za 3310), Intel, Canon, Coca-Cola, Flextronics na LVMH. Kampuni 320 zilikuwa bado zinauza zaidi ya nusu kwa ukanda wa nyumbani. Afrika haikuwa hata upande mmoja kwa hicho kipimo, lakini wacha nisianze hiyo stori.

Jaribu mtihani huo kwa Apple 2023. Amerika zote asilimia 42, Ulaya 25, China na Japan na Asia nyingine ukijumlisha 33. Imepita! Ila soma maelezo madogo kwanza. Apple wakisema Ulaya wanamaanisha Ulaya pamoja na India, Mashariki ya Kati na Afrika. Ile iPhone unauziwa Moi Avenue, hata kama jamaa aliitoa Dubai kwa mzigo wake, kwa vitabu vya Apple imeuzwa Ulaya. Kwa hivyo hiyo 25 imejazwa jazwa, na kila kampuni inakata dunia vipande vyake inavyotaka, usilinganishe vipande vya mbili kabla hujasoma kila mmoja ameweka nini ndani.

Halafu angalia ukubwa wa nyumbani. Nestlé ni ya Uswisi, mauzo ya pale kwao hata asilimia 5 hayafiki, TNI yake lazima iwe juu maana watu wa Uswisi ni wachache watakula chokoleti ngapi. Marekani ni kama robo ya uchumi wa dunia, kwa hivyo Apple kuuza asilimia 36 nyumbani si mbali sana na ile robo, Walmart nayo iko mbali kabisa. Mimi huweka hiyo sehemu ya uchumi wa dunia kando ya mauzo ya nyumbani ndio nilinganishe kampuni za nchi tofauti.

Ukitaka kujaribu kupima kitu cha karibu chukua Safaricom. Ripoti yao inatenga Kenya na Ethiopia. Leseni ya Ethiopia ya 2021 ililipiwa dola milioni 850 na laini zikawashwa Oktoba 2022, kwa hivyo mali ilivuka mpaka mapema na mauzo yanafuata polepole, kinyume cha Apple. Na hapo kuna mtego, kampuni ya Ethiopia si ya Safaricom peke yake, kuna wenzake kama Sumitomo wa Japan, ila kwa hesabu za kundi, yaani Safaricom na kampuni zilizo chini yake kwa pamoja, mali yote inaingia mia kwa mia. Ni nchi moja tu pia. Benki za Equity na KCB ziko Uganda, Tanzania, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, zimesambaa kuliko Safaricom, lakini kwa macho ya Rugman zote bado ziko nyumbani, jirani ni jirani.

La mwisho amua kabla ya kupiga hesabu, unapima jina ama unapima umiliki. Carrefour ya hapa, tangu ile ya kwanza ya The Hub Karen 2016, inaendeshwa na Majid Al Futtaim wa Dubai kwa leseni. Jina ni la Mfaransa, lakini rafu, friji na mshahara wa yule dada wa kaunta ni za Dubai. Kwa Excel yangu huweka kolamu ya ziada ya maandishi tu, "jina lipo, mali si yao", na duka kama hilo linaingia hapo bila kugusa zile asilimia za mauzo, mali na wafanyikazi.