Filamu ya mizimu ya bei ya chini: tega sikio
Ukitazama filamu ya mizimu iliyotengenezwa kwa pesa kidogo, usikodolee zimwi macho. Litakuangusha tu: unga usoni, shuka jeupe, zipu mgongoni. Utamu uko kwenye sauti. Asiye na pesa za kuunda jitu hulificha nyuma ya mlango, akakutisha kwa bawaba inayolia na nyayo darini. Night of the Living Dead, filamu ya 1968 ya wafu wanaotembea, isiyo na rangi, ilitumia sharubati ya chokoleti badala ya damu, na bado inatisha!

Hapa Kisumu, masika ya Machi hadi Mei, usiwashe filamu mvua ikipiga mabati, hutasikia kitu. Ngoja ikatike, zima taa, unganisha spika. Na umwite yule jirani mwoga apigaye mayowe.