SOMO: Namna ya kumkinga mzee asianguke usiku, kuanzia kitandani mpaka chooni

Wakuu habari za muda huu. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na swali naloulizwa kuliko yote ni "ninunue nini mzee asianguke", mtu ashaona fimbo nzuri mahali, ashaona vyuma vya bafuni, anataka tu umwambie achukue kipi. Jibu langu huwa linawaudhi watu kidogo: usinunue kitu kwanza, nenda kafungue mfuko wake wa dawa.

Maana tumezoea kusema kaanguka kwa sababu ni mzee, basi, mjadala umefungwa. Hapana. Kaanguka kwa sababu presha ilishuka aliposimama, au alimeza kidonge cha usingizi saa tatu na saa nane kikawa bado kinafanya kazi, au taa ilikuwa mbali, au mapaja hayana nguvu tena, na mara nyingi unakuta vitu viwili vitatu vimekutana usiku mmoja. Karibu vyote hivyo vinarekebishika. Na sio jambo dogo hili, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka tu, na kundi linaloongoza ni waliopita miaka 60.

Nitaongelea safari moja tu, ile ya usiku kwenda kukojoa. Ukiiweka sawa hiyo, mchana utakuwa mwepesi.

Hatua ya 1: Iangalie safari yenyewe

Lala kwake usiku mmoja, au mwombe mchana akuoneshe anavyoamkaga. Usimsahihishe, kaa pembeni uangalie. Utaona anakaa ukingoni, miguu inapapasa ndara, moja ishaingia uvunguni, anainama kuivuta kwa kidole, na mkojo umembana kwa hiyo anainuka kwa fujo na kichwa bado kiko chini. Sekunde hizo ndo zinaangusha watu, hata kabla hajapiga hatua.

Alafu angalia ukuta. Kwenye nyumba ya mzee ukuta unaongea, utakuta kuna uchafu wa mikono kwenye kona ya mlango, kwenye kabati, na bafuni anashikilia kile chuma cha kutundikia taulo ambacho kimefungwa na skrubu mbili fupi. Pale penye alama za mikono ndo pa kuweka chuma cha kushikia, sio pale fundi anapoona panapendeza.

Hatua ya 2: Mpime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wana mashine ya presha nyumbani ila wanapima akiwa amekaa tu, basi wanaona namba nzuri wanafurahi.

Alale dakika 5, umpime. Asimame, wewe uwe umesogea karibu kabisa na kiti kiwe nyuma yake, umpime baada ya dakika 1 na umpime tena dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, hiyo ni presha ya kushuka wakati wa kusimama na daktari anatakiwa aijue. Akisikia kizunguzungu au macho kuingia giza mkalishe hapo hapo, usisubiri mashine imalize. Rudia siku nyingine pia, asubuhi hasa, kwa sababu inaweza kukosekana leo kesho ikaonekana. Wenye kisukari cha muda mrefu na wenye Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito) wanapata sana hii, na mzee aliyeharisha au ambaye hanywi maji vizuri naye yumo.

Ziandike namba zote tatu kwenye karatasi. Ukienda kwa daktari na karatasi unasikilizwa tofauti na ukienda na "anajisikiaga vibaya".

Wakati mnasubiri huyo daktari: akiamka akae ukingoni dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu juu chini, akunje na kunyoosha ngumi, ndo asimame, na akishasimama ahesabu kidogo kabla ya kutembea.

Hatua ya 3: Mfuko wa dawa

Mwaga vyote mezani, vya hospitali, vya duka la dawa, vya jirani aliyempa "hii ilinisaidia". Weka alama kwenye zile zinazoleta usingizi au kushusha presha: diazepam na ndugu zake (vidonge vya usingizi na kutuliza), amitriptyline (wanapewa sana kwa maumivu ya miguu kuwaka moto), tramadol, zile za mafua na mzio za kizamani kama chlorpheniramine, dawa za kutoa maji kama furosemide, na dawa za tezi dume kama tamsulosin. Kwenye sukari angalia glibenclamide, kwa mzee hiyo inaweza kushusha sukari kwa muda mrefu hadi usiku kati, na mtu mwenye sukari ya chini anatembea kama mlevi.

SASA NISIKILIZENI VIZURI. Sijasema mmwachishe. Diazepam aliyoizoea ukiikata ghafla unaweza kumletea degedege, na dawa ya presha ukiikata kienyeji unaweza kumletea kiharusi. Peleka mfuko mzima kwa daktari au mfamasia uulize maswali matatu: hii bado anaihitaji, dozi inaweza kupungua, na muda wa kumeza unaweza kubadilika. Hilo la tatu peke yake linaokoa wengi, kuna mzee anameza furosemide jioni alafu familia inashangaa mbona anaamka mara tano.

Hatua ya 4: Kitanda, taa, njia

Hii ni fupi. Akikaa ukingoni nyayo zote mbili ziguse chini na magoti yawe yamekunjika kama kwenye kiti cha kawaida, kitanda kirefu anateleza, kifupi sana anashindwa kuinuka. Swichi au tochi iwe mkono unapofikia akiwa amelala, na taa ndogo ya njiani iwake usiku kucha. Ondoa vikapeti, sijui niseme mara ngapi, hata kile kizuri alicholetewa zawadi, na kile cha mlango wa bafu ndo kibaya kuliko vyote labda kiwe na mpira chini kimeng'ang'ania sakafu. Waya pembeni ya ukuta. Kiatu kiwe na kisigino kilichofungwa na soli isiyoteleza, soksi tupu kwenye marumaru hapana.

Kama choo kiko mbali, weka kiti chenye ndoo au kopo la mkojo karibu na kitanda. Wazee wa kiume wanakubali kopo haraka, kina mama wanaona aibu, mpe faragha utaona anatumia.

Hatua ya 5: Miguu

Bila nguvu ya mapaja hayo mengine yote ni kuzuia mvua kwa kiganja. Pima hivi: akae kwenye kiti, mwambie asimame, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi huyo yuko kwenye hatari. Anza naye kusimama na kukaa kwenye kiti bila kuvuta kwa mikono, ashuke taratiiibu, kama hawezi weka mto juu ya kiti kiwe kirefu kidogo. Akimudu, ashike meza ainuke kwa vidole vya miguu, kisha asimame mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusa vidole. Mara chache kila siku ni bora kuliko kumkomoa Jumapili. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana ndo vizuri zaidi, hasa kama keshaanguka tayari.

Macho pia msisahau. Mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji, na miwani yenye lenzi mbili inadanganya kwenye ngazi kwa sababu akiangalia chini anapitisha macho kwenye sehemu ya kusomea, hatua inaonekana haiko pale ilipo.

Hatua ya 6: Akianguka

Usimvute kwapani. Najua moyo unakimbia ila usimvute. Muulize anaumia wapi, angalia mguu: ukiwa umefupika na umegeukia nje, au hawezi kabisa kuukanyagia, chukulia nyonga imevunjika, mfunike, asinyanyuliwe ovyo, itisha usafiri wa hospitali. Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti kigumu, aweke mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, ajisukume ajizungushe akae. Wewe unaongoza tu na kusogeza kiti. Mfundisheni akiwa mzima, mara moja moja, kwa sababu mzee anayebaki sakafuni zaidi ya saa moja anaanza kupata madhara ya kulala pale penyewe, misuli inaharibika, figo zinaumia, ngozi inachubuka.

---

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo, mama yangu ana miaka 78 fimbo anaikataa kata kata, anasema watu watasema kaisha. Nifanyeje?

Jibu: Usigombane naye kuhusu fimbo, ongea naye kuhusu anakotaka kwenda. Kama kuna sehemu anaipenda na ameacha kwenda kwa hofu, mwambie fimbo ni ya kumfikisha huko, nyumbani aiache akitaka. Na hofu yenyewe ni tatizo, mtu akiogopa kuanguka anakaa, akikaa miguu inaisha, anaanguka kweli. Akikubali, ipime: asimame wima mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Na anaishika mkono wa upande MZIMA, sio upande wa mguu unaouma, karibu kila mtu anakosea hapo.

Swali: Baba ana usahaulifu, usiku anaamka anazurura. Tumefikiria kumuwekea reli pande zote za kitanda asishuke, ni sawa?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Mzee mwenye usahaulifu hakumbuki reli ni ya nini, ataipanda, na sasa anaanguka kutoka juu zaidi, wengine wananasa katikati ya reli na godoro. Bora kitanda kiwe chini kabisa, godoro jembamba pembeni, na kengele au kihisi kinacholia akishuka. Alafu jiulizeni anaamka kutafuta nini. Mkojo? Maumivu? Njaa? Amelala mchana mzima? Na kama kuzurura kumeanza ghafla ndani ya siku mbili tatu mpelekeni apimwe, kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee mara nyingi ni maambukizi, dawa mpya au hata choo kilichofunga, sio usahaulifu kuongezeka tu.

Swali: Nikimnyima maji kuanzia mchana si hataamka usiku?

Jibu: Usimnyime, utamletea presha ya kushuka na choo kigumu. Mhamishie tu, maji mengi asubuhi na mchana, jioni kidogo, chai na kahawa ziishe mapema. Miguu ikivimba mchana, ainyanyue juu saa kadhaa kabla ya kulala, yale maji ya miguuni ndo yanageuka mkojo akishalala. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari wake.

Swali: Babu alianguka kama wiki mbili zilizopita akajigonga kichwa, hakuzimia, tukamwangalia tukaona yuko sawa. Anatumia warfarin. Tangu juzi analala sana na mguu mmoja anauburuta. Ni uchovu?

Jibu: Mpelekeni hospitali SASA HIVI, usimalize kusoma. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikaja siku au wiki kadhaa baadaye. Waambieni neno warfarin mkifika mlangoni na mtaje kuwa aligonga kichwa. Kwa wengine wote: mzee wa dawa hizi akigonga kichwa anaenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheka.

Swali: Mama anaishi peke yake, mimi niko mbali. Ndugu wamegawanyika, kuna wanaotaka aende makao ya wazee, kuna wanaotaka tuajiri dada wa kukaa naye. Wewe ungeshauri nini?

Jibu: Kwanza mama mwenyewe anasemaje? Maana naona ndugu tu wanapiga kura hapo. Mimi huwa naangalia usiku. Kama mchana anahitaji msaada ila usiku analala vizuri, mtu wa kuja mchana au kituo cha wazee cha kutwa kinatosha, na simu ya asubuhi kila siku saa ile ile, asipopokea jirani mwenye funguo anaenda. Kama usiku anahitaji mtu mara mbili tatu, dada mmoja hatoshi, atafanya kazi mchana na usiku na mwezi wa pili ataondoka au ataanza kumkaripia mama, wekeni wawili wapokezane au hapo ndo makao yaangaliwe kwa uzito. Mkienda kuyaona msiende saa za wageni, nendeni jioni wakati wa kulaza, ulizeni usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na muangalie mzee akibonyeza kengele anafikiwa baada ya muda gani.