Bunduki ya mitutu miwili kwa mbogo na tembo: namna ya kuchagua kaliba

Kila mwaka msimu ukikaribia kufunguliwa mwezi Julai, hapa Tabora hawakosekani vijana wanaojifunza uwindaji bingwa wa kuniuliza swali lile lile: "Mzee, ninunue .500 au .577?" Namba hizo ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi. Kijana wa karibuni alitoka Urambo. Alikuwa ameuza tumbaku vizuri na tayari anaongea na muuzaji wa Ulaya. Nilimwambia asitume hela kwanza, tukae. Haya ndiyo tuliyopitia.

Naandika kwa mtu ambaye tayari ana leseni ya silaha, anajua kusafisha mtutu na anajua taratibu za vibali. Hayo siyarudii.

Hatua ya 1: Jua utasimama wapi

Mbogo wa kwenye matete ya Malagarasi, upande wa Moyowosi, unaweza kumsikia akipumua kabla hujamwona. Kwenye miombo ya Sikonge, majani yakiwa hayajaungua, hali ni hiyo hiyo. Bunduki ya mitutu miwili imetengenezwa kwa kazi hiyo: risasi mbili za haraka kwa mnyama aliye karibu, bila kukoki katikati. Zaidi ya mita mia moja usiitegemee. Kama kazi yako ni kumpiga pofu, yule swala mkubwa, ng'ambo ya mbuga, nunua .375 ya kukoki, maisha yaendelee. (Na kabla hujauliza: Mto Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019, humo hatuwindi.)

Hatua ya 2: Andika kaliba zote, kisha futa

Kwa wanyama hatari hapa kwetu huruhusiwi kushuka chini ya .375. Kwa mitutu miwili, orodha ya kweli ni fupi:

- .450/400: kichwa (kile kinachoruka) cha greni 400, greni ikiwa kipimo cha uzito, takriban mita 640 kwa sekunde
- .470 Nitro Express: greni 500 (gramu 32 na ushee), mita 655
- .500 Nitro Express: greni 570, mwendo huo huo
- .577: greni 750, mita 625
- .600: greni 900, chini kidogo ya mita 600

Futa mbili za mwisho. Najua zinavutia. Lakini .577 nzuri ina kilo sita hivi, na .600 inafika saba. Ibebe wewe mwenyewe kutoka alfajiri hadi saa nane mchana mwezi wa Oktoba, mbung'o wakikuuma shingoni, halafu uniambie utainua kwa wepesi gani mbogo akitokea kichakani. Na teke lake ni kali kiasi kwamba risasi ya pili inachelewa. Sasa mtutu wa pili umeununua wa nini?

Mimi ni mtu wa .470, sifichi. Ukiwa na mwili mkubwa na kazi yako zaidi ni kuwazuia tembo, .500 sikukatazi. Nayo .450/400 watu huidharau bure: kwa mbogo inatosha, na mwenye bega dogo ataipiga vizuri kuliko hizo nyingine zote.

Hatua ya 3: Tazama ganda

Chagua ganda lenye ukingo kitakoni. Ukingo ndio unaoshikwa na kile kidude cha kusukuma maganda nje unapoikunja bunduki kuifungua. Kuna mitutu miwili iliyotengenezwa kwa .458 Winchester, ganda lisilo na ukingo wa kutokeza, hivyo hutegemea kijichuma kidogo cha springi kilishike. Siku ya vumbi na jasho sitaki kutegemea springi.

Jihadhari pia na .475 No. 2. Ziko za aina mbili, ya kawaida na ya Jeffery, na vichwa vyake havilingani unene.

Hatua ya 4: Hakikisha mitutu inakubaliana na risasi utakazopata (hapa usiharakishe)

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, pesa na bega. Mitutu miwili haikulazwa sambamba. Fundi ameilehemu ikielekeana kidogo mbele, akapiga, akarekebisha, akapiga tena, mpaka risasi ya kulia na ya kushoto zikaangukia pamoja. Alifanya hivyo kwa uzito fulani wa kichwa na mwendo fulani. Ukibadilisha risasi, umevunja mapatano yake. Kwa hiyo tafuta kwanza risasi utakazoweza kuzipata kila mwaka, ndipo utafute bunduki inayozikubali.

Kama ni bunduki ya zamani ya Uingereza, itenganishe mitutu na kitako, uangalie sehemu bapa chini ya mitutu. Kwenye nyingi za .470 utakuta mhuri unaotaja kordaiti (baruti ya zamani) greni 75 na kichwa kisichozidi greni 500. Muuzaji akupigie picha ya hapo. Akikwambia hakuna haja, achana naye.

Kisha jaribio lenyewe. Karatasi mita 50. Egemea fito za kulengea, mkono ukiwa umeshika mbao ya mbele. Usiilaze bunduki juu ya meza wala gunia la mchanga, itaruka tofauti na itakavyoruka mikononi. Piga kulia, kisha kushoto, halafu fungua na usubiri mitutu ipoe hadi uweze kuishika. Rudia. Usipige kulia mara nne mfululizo ndipo uhamie kushoto: mtutu mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, karatasi itakudanganya. Andika R (kulia) na L (kushoto) pembeni ya kila tundu palepale, usingoje kukumbuka.

Sasa soma. Matundu ya kulia yakikaa kulia kidogo au yakichanganyika na ya kushoto, vizuri. Yakiachana sana, risasi inakwenda polepole: inakaa mtutuni muda mrefu, na teke linakuwa limeshausukuma mtutu nje. Yakipishana, ya kulia yakaangukia kushoto, mwendo umezidi. Dawa ni kubadilisha risasi. Usimpe fundi yeyote wa mtaani aguse lehemu ya mitutu, hata kama anatengeneza magobore vizuri kiasi gani.

Risasi ngumu, zile zisizopanuka zikigonga, nazo zina mambo yake. Vichwa vya zamani vilikuwa na madini ya risasi ndani na koti la chuma nje. Nyingi za sasa ni kipande kimoja cha shaba, na kwenye mtutu mwembamba wa miaka mia zinaweza kuharibu mistari ya ndani. Kama ni lazima, chukua zile zilizochongwa mifereji ubavuni.

Na joto. Risasi zilizoshinda kwenye dashibodi ya Land Cruiser zina mgandamizo mkubwa kuliko zilizokaa kivulini: zinapishana kwenye karatasi, na ganda linaweza kugoma kutoka. Fanya jaribio mchana, si asubuhi ya baridi. Porini zibebe kwenye mkanda kiunoni.

Ikikubali, nunua nyingi uwezavyo za namba ile ile ya kiwandani (yaani za mkupuo mmoja), na ubandike karatasi ya shabaha ndani ya kifuniko cha sanduku.

Hatua ya 5: Kitako

Funga macho, inua, fungua. Usipoona sawa juu ya mitutu, kitako hakikufai. Kipunguzwe au kiongezwe.

Hatua ya 6: Kupakia

Kwa mbogo, risasi laini (inayopanuka ikigonga) kulia, ngumu kushoto. Kwa tembo, ngumu zote mbili. Vifyatulio viwe viwili, cha mbele kikiwa cha kulia, na kidole kikae mbali na cha nyuma mpaka risasi ya kwanza imetoka, maana teke linaweza kukufyatulisha zote kwa pamoja. Kijana wa Urambo nilimpa risasi bandia, nikamwambia afanye mazoezi ya kupakia jioni nyumbani kwake, macho yakiwa mbele na si kwenye mikono.