Namna ya kumchagulia kijana namba ya ulinzi katika soka kabla ya UMISSETA

Mzazi au mwalimu wa michezo wa Kigoma mwenye kijana anayetamani kupanda ngazi za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, kutoka timu ya shule hadi ya wilaya, kisha ya mkoa na hatimaye mashindano ya taifa kama yale yaliyofanyika Tabora mwaka 2022, anapaswa kuamua mapema kijana huyo acheze namba ipi, yaani nafasi gani uwanjani, kwa kuwa wateuzi humwona kila mchezaji kwa muda mfupi, na anayehamishwahamishwa kila mechi hana la kukumbukwa nalo.

Anza na mguu. Anayetumia kushoto afundishwe namba tatu, hata kama moyo wake uko kwenye kufunga mabao, kwani mabeki wa kushoto wa asili ni adimu na washambuliaji wamejaa kila shule.

Urefu ndio unaopotosha wengi. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyewahi kurefuka hupangwa beki wa kati na kushinda kila mpira wa juu, lakini wenzake wakishamfikia kimo hubaki hana silaha, maana hakuna aliyemfundisha kuusoma mchezo. Kwa hiyo usimpime akiwa na mpira. Mpime mpira ukiwa winga ya mbali. Akigeuza shingo kumtafuta mshambuliaji aliye nyuma yake, na kusogea kabla krosi haijapigwa, huyo ni namba nne au tano, yaani beki wa kati, na akiwa pia mtulivu wa pasi, azoeshwe namba sita, kiungo mkabaji, kwa sababu kocha mwenye nafasi chache humpenda anayeziba mapengo mawili. Akiukodolea macho mpira mpaka utue, ila ana mbio, namba mbili, beki wa kulia, itamfaa zaidi, kwa kuwa pale mstari wa pembeni humsaidia kumbana winga.

Ukipa ni suala la pekee. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, hivyo urefu una maana, lakini asiyependa kujitupa miguuni mwa mshambuliaji asilazimishwe.

Namba ikishapatikana, mpeleke Uwanja wa Lake Tanganyika siku ambayo Mashujaa, timu ya Kigoma iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, inacheza nyumbani. Kipindi cha kwanza chote amfuate kwa macho mchezaji wa namba yake peke yake, na wakati wa mapumziko mwulize kijana wako mchezaji huyo alisimama wapi timu yake ilipokuwa ikipiga kona.