Kagua Mzio wa Nikeli Kabla ya Kufungwa Nyaya za Meno

Kabla hujaketi kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Nakuru ili ufungwe nyaya za kunyoosha meno, tazama ngozi iliyo chini ya kitovu chako, pale kifungo cha suruali ya jinzi kinapogusa. Ukiona baka kavu linalowasha, au ukikumbuka kwamba hereni za bei nafuu zilikufanya ndewe zitoe majimaji, mweleze daktari kabla hajachagua waya, kwa maana huenda mwili wako unaikataa nikeli, madini yaliyomo kwenye vifungo na hereni nyingi za namna hiyo, na pia kwenye nyaya nyingi za meno. Wanawake hupatwa na mzio huu zaidi ya wanaume, hasa kwa sababu ya kutoga masikio.

Kisha uliza kila waya una madini gani. Chuma kisichoshika kutu kinachotumika sana kina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli 8, lakini nikeli hiyo imeshikwa imara ndani ya chuma, na utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu huizuia isitoke ovyo, ndiyo sababu wengi wenye mzio hukivumilia bila taabu. Za kuulizia kwa makini ni zile nyaya laini za miezi ya mwanzo, ambazo hata zikipindwa hurejea umbo lake: zaidi ya nusu ya uzito wake ni nikeli, na inayobaki ni titaniamu. Mwenye mzio mkali aombe waya wa titaniamu na molibdenamu, usio na nikeli, pamoja na vishikizo vya kauri, yaani vile vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye meno ili kuushika waya. Ukiwa na shaka, daktari wa ngozi anaweza kukubandika dawa ya kipimo mgongoni kwa saa 48, kisha akasoma matokeo siku zinazofuata.

Usiogope sumu. Nikeli inayotoka kwenye nyaya kwa kawaida ni kidogo kuliko ile tunayokula katika maharagwe na njugu. Mzio ni jambo jingine, nao hujitokeza baada ya siku kadhaa: fizi huwa nyekundu hata pale unapopiga mswaki vizuri, ulimi huchoma, na vipele huota pembeni mwa mdomo. Usikate waya mwenyewe. Rudi kliniki ubadilishiwe. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitalini papo hapo.

Wengi wetu tumekulia maji ya visima yenye floraidi nyingi, madini ambayo pia hutiwa kwenye dawa za meno, hata meno yakageuka kahawia. Ukiwa na nyaya zenye titaniamu, jihadhari zaidi na jeli kali za floraidi zenye asidi, ambazo huweza kuula utando unaoukinga waya, na usizitumie bila ushauri wa daktari. Dawa ya kawaida ya mswaki endelea nayo, maana kuiacha huleta matundu.

Nyaya za urembo zinazofungwa saluni zikatae kabisa, kwa kuwa hakuna ajuaye zimeyeyushwa kutokana na nini. Hakikisha anayekufunga amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na umwombe aandike jina la madini kwenye faili lako, ili ukihamia Kisumu matibabu yakiwa katikati, daktari atakayekupokea asilazimike kubahatisha.