Jinsi ya kupima tetesi za leseni za chipu zinazoiga ubongo kabla ya kununua hisa

Mpwa wangu, fundi wa simu hapa Ngamiani, amejizoeza kuamka saa nane au saa tisa usiku, kutegemea majira ya Australia, kwa sababu ndio wakati soko la hisa la Sydney linapofunguliwa kwa saa zetu za Tanga. Hutazama bei kwenye simu, huipiga picha, kisha hulala. Soko linapofungwa saa mbili au saa tatu asubuhi, yeye ndiyo kwanza anafungua kibanda chake. Kinachomwamsha ni kampuni ndogo inayobuni chipu za akili mnemba zinazoiga ubongo, na fedha anazotaka kuziweka huko ni za pikipiki aliyoiuza. Siku moja aliniambia, “Mjomba, nasikia kampuni kubwa ya magari iko mbioni kutia saini leseni.” Nikamwuliza ni leseni ya kitu gani, hatua gani imefikiwa, na baada ya saini fedha zitaanza kuingia lini. Akakuna kichwa. Mwongozo huu umetokana na jioni kadhaa tulizokaa barazani tukiyatafuta majibu ya maswali hayo matatu, na nimeuandika kwa mtu yeyote mwenye akiba ndogo aliyevutwa na habari za namna hiyo.

Anza kwa kuielewa bidhaa yenyewe. Chipu ya kawaida hukokotoa bila kupumzika, iwe kuna jambo jipya au hakuna. Chipu inayoiga ubongo hukaa kama mvuvi wa mshipi: ametulia, mkono hautikisiki, mpaka uzi uvutwe. Kila kiungo chake hutuma mpigo mfupi wa umeme pale tu panapotokea badiliko, kama vile sauti imesikika au kitu kimepita mbele ya kamera, na kwa hiyo umeme unaotumika ni kidogo sana. Ubongo wa binadamu wenyewe hufanya kazi zake zote kwa wati 20 hivi, na tangu miaka ya 1980, Carver Mead wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, alipolianzisha somo hili, watafiti wamekuwa wakiufukuzia mfano huo. Mwaka 2014 IBM ilitoa TrueNorth, chipu yenye niuroni (yaani seli za ubongo) milioni 1 za kuundwa na iliyotumia takriban miliwati 70. Intel ikafuata mwaka 2017 na Loihi, na mwaka 2021 na Loihi 2. Sasa zingatia jambo ambalo wapiga ramli wa hisa hulipita haraka: chipu hizo zilifanya kazi vizuri, wenye nazo ni matajiri wa kutupwa, na hata hivyo zimebaki zaidi katika maabara na mikononi mwa watafiti kuliko katika bidhaa za dukani. Kwamba teknolojia inafanya kazi ni hoja moja, na kwamba ina wanunuzi ni hoja nyingine kabisa.

Pili, elewa namna leseni inavyolipa. Kampuni ndogo za aina hii kwa kawaida hazina kiwanda. Huuza haki ya kutumia ubunifu wao ndani ya chipu za wengine, na malipo huja kwa mafungu: ada ya leseni inayolipwa mwanzoni, pengine malipo ya huduma za wahandisi wakati wa usanifu, kisha mrabaha, yaani kiasi kidogo kwa kila chipu inayouzwa. Kigezo ambacho kila mtu hukitaja ni Arm ya Uingereza, kampuni ya kubuni vichakato iliyoanzishwa mwaka 1990, ambayo katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 ilipata zaidi ya dola bilioni 3, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikuwa mrabaha. Wanaoitaja husahau kuongeza kwamba ilichukua zaidi ya miaka 30 kufika hapo, tena ikibebwa na simu za mkononi za dunia nzima.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika shamba la mkonge, kwa hiyo nitalieleza kwa lugha ninayoijua. Siku ya kupanda miche hakuna singa, yaani nyuzi za mkonge. Mkonge hukaa ardhini miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na hata majani yanapofika korona, mashine ya kuyachakata, katika kila kilo 100 za majani hutoka takriban kilo 4 tu za singa kavu. Yanayobaki ni maji na makapi. Leseni iliyosainiwa leo ni mche. Mwenye leseni lazima asanifu chipu yake, aipeleke kiwandani, aijaribu, airekebishe, kisha atafute mteja wa kuiweka ndani ya gari au kifaa cha hospitali, na mteja huyo naye ana majaribio yake ya usalama. Miaka mitatu au minne hupita hivi hivi. Anayenunua hisa siku ya tangazo kwa matumaini ya mrabaha wa mwezi ujao anasubiri singa kwenye kitalu.

Tatu, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, jifunze kuyasoma maneno ya tangazo lenyewe badala ya masimulizi yanayolizunguka. Chukua kalamu, uligawe kila tangazo kwa ngazi. Ngazi ya chini ni “ushirikiano” au “mshirika katika mfumo wetu”, maneno ambayo mara nyingi hayana fedha ndani yake. Juu yake ni tathmini, ambapo mteja amenunua au ameazimwa kifaa cha kujaribia. Kisha kuna mradi wa utafiti unaolipiwa, mara nyingi na taasisi ya serikali, ambao una fedha lakini fedha zenye kikomo. Ndipo inapokuja leseni iliyosainiwa, na hata hapo uliza kama kiasi kimetajwa. Juu zaidi kuna chipu ya mteja iliyotoka kiwandani, na juu kabisa bidhaa inayouzwa na mrabaha ulioandikwa katika hesabu. Tetesi nyingi husimama ngazi ya kwanza au ya pili, zikasimuliwa kana kwamba zimefika ya mwisho.

Mfano ulio wazi ni wa BrainChip, kampuni iliyoorodheshwa Australia, yenye chipu iitwayo Akida. (Sisi wa pwani hii jina hilo hutukumbusha maakida waliowakusanyia Wajerumani kodi, lakini wenye kampuni wanasema wamelitoa kwenye Kigiriki, likiwa na maana ya ncha au mwiba.) Renesas, kampuni ya chipu ya Japani, ilisaini leseni Desemba 2020, na MegaChips, ya Japani pia, Novemba 2021. Hizo zilikuwa leseni za kweli. Mwanzoni mwa Januari 2022 Mercedes-Benz ikaonyesha gari lake la Vision EQXX na kusema kwamba Akida ilitumika humo kutambua maneno ya kuliamsha gari kwa sauti. Bei ya hisa ilipanda zaidi ya mara mbili ndani ya wiki chache, ikavuka dola 2 za Australia. Lakini EQXX lilikuwa gari la majaribio, si la kuuzwa, na habari hiyo haikuwa tangazo la leseni. Ukiipanga katika ngazi zetu, iko karibu na tathmini. Mapato ya kampuni ya mwaka 2022 yalizidi kidogo dola milioni 5 za Marekani, yakisaidiwa na ada za leseni. Mwaka 2023 yakashuka chini ya dola 300,000, na mwishoni mwa mwaka huo hisa ilikuwa chini ya senti 20 za Australia. Sisemi kwamba kuna aliyedanganya. Kila kilichosemwa kuhusu gari kilikuwa kweli. Wanunuzi ndio waliojaza wenyewe nafasi iliyokuwa wazi kati ya gari moja la maonyesho na mamilioni ya magari barabarani.

Mpwa wangu alipoyasikia hayo alijitetea kwamba safari hii kuna dalili zaidi: kampuni kubwa imesajili hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, inayotaja mitandao ya niuroni za mipigo, na mhandisi wake mmoja ameonekana akilisifia chapisho la kampuni ndogo. Dalili za namna hii zipime kwa ukali. Maneno hayo ya hataza ni istilahi ya fani nzima, kama vile daftari la mvuvi linavyotaja nyavu bila kusema amezinunua kwa nani, na kampuni kubwa husajili hataza nyingi ambazo hazizai bidhaa hata moja. Soma sehemu ya madai, uone kama ubunifu unaodaiwa unahitaji chipu ya aina hiyo au umeitaja tu kati ya njia nyingi zinazowezekana. Sifa za mhandisi ziache kabisa.

Nne, piga hesabu kwa mkono. Tuseme kampuni ina hisa bilioni 2, na kila moja inauzwa senti 20. Soko linaithamini kwa dola milioni 400. Tuseme mrabaha ni senti 10 kwa chipu na kampuni hutumia dola milioni 20 kwa mwaka kwa mishahara na utafiti. Ili ilipie gharama zake tu kwa mrabaha, wateja wake lazima wauze chipu milioni 200 kila mwaka. Ili ibaki na faida ya dola milioni 20, ambayo ni sehemu moja ya ishirini ya thamani yake sokoni, lazima ziwe milioni 400. Badilisha tarakimu utakavyo, weka mrabaha mkubwa zaidi ukitaka, lakini usinunue kabla hujaiandika hesabu hiyo kwenye karatasi na kujiuliza ni kifaa gani duniani kinauzwa kwa wingi huo, na nani anakitengeneza. Mpwa wangu alipofika kwenye milioni 400 aliifuta mara mbili, akidhani amezidisha sifuri.

Tano, angalia fedha zilizobaki kabatini. Kampuni changa zilizoorodheshwa Australia hutakiwa kutoa ripoti ya mtiririko wa fedha kila robo mwaka, iitwayo Appendix 4C, na ripoti hiyo hutoka bure kabla ya mwisho wa Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ni kurasa chache tu. Tafuta mstari wa fedha zilizopokelewa kutoka kwa wateja, kisha nenda sehemu ya 8, ambapo kampuni hueleza fedha zake zitatosha robo ngapi zijazo. Zikiwa chini ya mbili, lazima ijieleze. Mstari wa wateja ukiwa mdogo na matumizi makubwa, jua kwamba kampuni itauza hisa mpya, na kila hisa mpya hupunguza fungu lako. Unaweza kuwa sahihi kuhusu teknolojia, sahihi hata kuhusu leseni, na bado ukapoteza kwa sababu kati ya leo na siku ya mrabaha keki imekatwa vipande vingi zaidi.

Usisahau washindani, nao si wale wanaoiga ubongo peke yao. Arm hiyo hiyo ilitangaza mwaka 2020 kichakato kidogo cha akili mnemba, Ethos-U55, cha kuwekwa katika vifaa vinavyotumia umeme kidogo. Mhandisi ambaye tayari analipia leseni za Arm na ana programu zilizozoea mfumo huo hahamii kwingine kwa sababu ya kuokoa miliwati chache. Anahitaji sababu kubwa zaidi, kwa mfano kifaa cha betri ndogo kinachopaswa kusikiliza mwaka mzima, au chombo cha angani. Ukisikia tetesi inayohusu kazi ya aina hiyo, ipe uzito. Ikihusu kazi ambayo chipu ya kawaida inaimudu, ipunguzie.

Kuhusu fedha zenyewe nina machache. Kabla ya kutuma hata shilingi nje, uliza benki yako masharti ya fedha za kigeni, na uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama dalali anayekushawishi ana leseni. Programu ya simu yenye rangi nzuri si leseni. Linganisha pia na kilichopo karibu. Hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ya mwaka 2024, iliyolenga kukusanya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya maji ya mji huu, inalipa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka kwa miaka 10. Hisa ya chipu inayosubiri leseni haikulipi chochote unaposubiri, kwa hiyo inapaswa kukuahidi zaidi ya hapo, tena zaidi sana, ndipo hatari yake iwe na maana. Kwa maoni yangu, kiasi kinachofaa ni kile ambacho kikipotea chote hutalazimika kumweleza mtu yeyote nyumbani.

Mpwa wangu bado hajanunua, wala hajaacha kuamka usiku. Ila kwenye daftari lake la simu zinazosubiri vipuri ameongeza ukurasa wenye safu tatu: tetesi, ngazi yake, na tarehe ya ripoti itakayoithibitisha au kuikanusha. Ile ya kampuni ya magari ameiandika ngazi ya pili, na mbele yake ameweka 31 Oktoba.