SOMO: Kukokotoa nguvu ya jiki ukishaichanganya na maji

Wakuu, kila mvua zikianza hapa Dar na kipindupindu kikitajwa, naulizwa swali lilelile: jiki naichanganya na maji kiasi gani? Jibu naliandika mara moja.

1. Soma lebo. Mfano wetu ni jiki ya asilimia 3.5.

2. Amua unataka nguvu gani. Ya kufutia damu au matapishi ni asilimia 0.5.

3. Zidisha ujazo wa jiki kwa nguvu yake, gawanya kwa nguvu unayoitaka. Jiki nusu lita: 0.5 (lita) × 3.5 ÷ 0.5 (nguvu) = lita 3.5.

4. Hapa tulieni. Hizo lita 3.5 ni mchanganyiko WOTE, jiki ikiwemo. Maji ni 3.5 toa 0.5, yaani lita 3. Nilipoanza kazi kwenye zahanati moja huku Temeke, nilimwaga maji lita 3.5 juu ya jiki. Ndoo ikawa na lita 4, nguvu ikashuka hadi karibu 0.44. Harufu ilikuwa ileile, rangi ileile, na meza tulizozifuta tukaziamini. Bado inaniuma. Chora kwanza mstari wa ujazo wa mwisho kwenye ndoo. Tangulia na maji, jiki ifuate, isikurukie machoni.

5. Tumia siku hiyohiyo. Kesho changanya nyingine.

Rangi Tatu: Kwa hiyo mkuu nusu lita naweka maji kiasi gani?
— Hatua ya 4. Imeandikwa.

Binti Kinondoni: Samahani kaka, kwa nini tunazidisha halafu tunagawanya?
— Swali zuri, dada. Weka sukari vijiko viwili kwenye kikombe cha chai, kisha mimina chai yote kwenye jagi ujaze maji. Utamu umepungua, lakini sukari ni vijiko vilevile viwili. Kuzidisha kunakupa kiasi cha dawa iliyomo. Kugawanya kunakuonyesha itaenea kwenye lita ngapi. Ukitaka 0.05 ya kunawia mikono, chukua kipimo kimoja cha ile 0.5, ongeza maji vipimo tisa.

Gongo la Mboto: Nikitia na dawa ya choo si itakuwa kali zaidi?
— USITHUBUTU. Dawa nyingi za choo zina asidi. Ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu.

Rangi Tatu: Sawa, nimeelewa. Sina kipimo lakini.
— Chupa tupu za maji ya kunywa zimeandikwa ujazo. Mbili za lita 1.5 ndiyo lita 3 zako.

Binti Kinondoni: Ila jiki msiihifadhi kwenye chupa hizo, watoto watadhani ni maji.
— Kweli kabisa, dada. Ibaki kwenye chupa yake, kivulini, kizibo kimekazwa.